Turubai Likishashushwa: Namna ya Kushika Imani Baada ya Msiba

Mume wangu tulimzika Jumamosi. Jumanne mchana vijana wakaja kushusha turubai, wakapakia viti vya plastiki kwenye Canter, wakaniachia uwanja wenye matundu ya vigingi na sufuria mbili ambazo hakuna aliyekumbuka ni za nani. Hadi saa ile nilikuwa na imani ya kutosha. Uwanja ukijaa watu wanaoimba, imani haikusumbui, wao ndio wanaokubebea. Kazi ilianza usiku wa Jumanne, nilipofunga mlango kwa komeo ambalo miaka kumi na saba lilikuwa likifungwa na mtu mwingine.

Mwongozo huu ni wa aliyefika kwenye usiku kama ule. Mimi ni Mmoravian, yaani muumini wa Kanisa la Moravian, wa Rungwe kusini mwa Tanzania, mkulima wa chai. Sasa ni mzee wa kanisa, lakini wakati ule nilikuwa muumini wa kawaida tu, mwenye watoto watatu na deni la matibabu. Nitakayoyasema mengine niliyafanya, mengine niliyakosea kwanza, na mengine nimefundishwa na wajane walionitangulia. Nimeyapanga kwa jinsi yanavyokuja, tangu wiki ya kwanza mpaka mwaka unapotimia.

1. Kula, kisha lala

Nabii Eliya alipochoka na maisha alienda akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu afe. Soma 1 Wafalme 19 uone malaika alifanya nini. Hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ainuke ale, na hapo kichwani palikuwa na mkate na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena. Maneno mazito ya mlimani Horebu yalikuja baadaye kabisa.

Basi na wewe anzia hapo. Koo likikataa ugali, kunywa uji. Mpe mtu mmoja kazi ya kukufuatilia, na awe mtu asiyeona haya. Wangu alikuwa wifi yangu. Yeye hakuwa ananiuliza kama nimekula, maana angejibiwa ndiyo. Alikuwa akiingia moja kwa moja jikoni anafunua sufuria.

Wapo watakaokushauri ufunge siku saba ili kuvunja roho ya mauti ndani ya nyumba. Wiki hizi usifunge.

2. Mlalamikie Mungu, na umlalamikie kwa maneno

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipokosea kwa muda mrefu zaidi.

Kwetu mfiwa aliyeokoka anatarajiwa awe imara. Akilia sana anaambiwa, "Mama, usimkosee Mungu." Kwa hiyo nilivaa uso. Nilikuwa naitikia "Bwana asifiwe" kwa sauti nzuri kabisa, na moyoni sikuwa nimesema na Mungu neno hata moja la kweli tangu mortuari. Hilo ndilo linaloua imani polepole. Ukimnunia mtu unayeishi naye miezi miwili bila kumwambia kosa lake, ndoa hiyo inakuwaje? Kwa Mungu ni vilevile.

Aliyenitoa huko ni bibi mmoja jirani, mjane wa siku nyingi. Alinikuta nikichuma chai, akachuma mstari wa pili sambamba na mimi bila kusema kitu, kisha akauliza, "Umeshamgombeza?" Nikadhani anamsema shemeji yangu. Akasema, "Mungu. Umeshamgombeza?"

Jioni ile nilifungua Zaburi alizonitajia. Zaburi zote ni 150, na fungu kubwa sana kati yake ni za watu wanaolia. Fanya hivi:

Anza na Zaburi ya 13. Ina aya sita tu. Inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hata lini inarudiwa mara nne. Huyo si mtu aliyekosa imani. Mtu aliyekosa imani hana wa kumuuliza. Isome kwa sauti, peke yako, shambani au bafuni, popote watoto wasipokusikia.

Halafu chukua daftari la shule, lile la bei ndogo, uandike ya kwako kwa mpangilio uleule. Kwanza lalamiko, bila kulipamba. Pili ombi, moja tu. Tatu jambo moja ambalo Mungu aliwahi kukutendea na hulikani, hata liwe dogo. Ukikosa hilo la tatu, acha nafasi wazi. Ukurasa wangu wa kwanza ulisema: "Umewaponya wa watu, wangu umemwacha. Nilipe deni kwa nini? Nisaidie mtoto wa kati aache kukojoa kitandani." Sehemu ya tatu ilikaa wazi wiki tano.

Na siku utakayoona hata Zaburi ya 13 inakimbilia kufurahi haraka mno, nenda ya 88. Hiyo haifurahi kabisa. Neno lake la mwisho ni giza: "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani." Inaishia hapo, na waliopanga Biblia hawakuiongezea aya ya kuifariji. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikaangalia jalada, kuhakikisha ni Biblia kweli.

Naomi naye alirudi Bethlehemu akiwa amezika mume na wana wawili, akawaambia wanawake wa mji, "Msiniite Naomi, niiteni Mara," yaani uchungu. Hakuna aliyemkemea. Kitabu kinaendelea na habari yake tu.

3. Saa ileile, kigoda kilekile, neno moja

Usijiwekee mpango wa kuomba saa nzima alfajiri. Utashindwa siku ya tatu, kisha utajihukumu kwa kushindwa juu ya huzuni uliyo nayo. Chagua mahali pamoja na wakati mmoja mfupi. Mimi nilichagua kigoda cha jikoni, wakati maji ya chai yanasubiriwa yachemke. Yakichemka, ibada imekwisha.

Sisi Wamoravian tunacho kijitabu cha neno la kila siku, kinachopangwa Herrnhut, Ujerumani, na kimechapwa kila mwaka tangu 1731. Aya ya Agano la Kale hupatikana kwa kura, kisha hutafutiwa mwenzake wa Agano Jipya. Kwa mfiwa hilo la kura lina faida yake: hakuna mtu aliyekaa akakuchagulia aya ya kukusahihisha. Siku nyingine neno lenyewe halikuhusu kabisa, ni habari za kuta za Yerusalemu. Lisome hivyo hivyo, ufunge kitabu. Kama kanisa lako lina kalenda ya masomo, tumia hiyo.

Maneno yakikauka, azima. Sema Baba Yetu polepole, au lile la baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu katika Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hiyo ni sala nzima, usione aibu kuishia hapo. Kuna wiki nilishindwa hata hiyo, nikawa nakaa tu kwenye kigoda. Paulo anaandika katika Warumi 8 kwamba Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, na mimi nilichukua hilo kama ruhusa.

4. Rudi kanisani mapema, ukae karibu na mlango

Ukisubiri mpaka uwe sawa ndipo urudi, hutarudi. Nenda Jumapili ya kwanza utakayoweza, lakini nenda na mtu, na ukae mwisho, upande wa mlango. Wimbo fulani utakukata miguu. Kwangu ulikuwa ule kwaya waliouimba wakati jeneza linatoka, na wakauimba tena wiki tatu baadaye bila kufikiri. Ukikuchoma, toka nje, pumua, rudi. Usiende nyumbani. Aliyezoea kutoka na kwenda moja kwa moja nyumbani, baada ya muda haji tena.

Meza ya Bwana usiiache. Siku ambazo huwezi kuimba wala kuomba, pale unapewa kitu mkononi unakula, hutakiwi kusema chochote.

Na bahasha ya ahadi? Wanawake wengi huacha kanisa kwa sababu hii na hawasemi. Mume ndiye aliyekuwa akiijaza, sasa namba ya bahasha inasomwa haina kitu, mtu anaona haya. Mwendee mzee wa kanisa wa mtaa wako mapema umwambie waziwazi: mwaka huu siwezi. Nami nikiwa mzee sasa nakuambia, hatushangai. Tunachoshangaa ni mtu kupotea miezi minne, kisha tukaja kugundua sababu ilikuwa bahasha.

5. Maneno ya watu

Watakuja na "Kazi ya Mungu haina makosa." Watakuja na "Mungu amempenda zaidi." Wengi wao hawana ubaya, wamekosa tu la kusema na ukimya unawatisha. Jiandalie jibu moja fupi la kutumia kwa wote, usipoteze nguvu kubishana. Langu lilikuwa "Asante kwa kuja." Linatosha kwa kila kitu.

"Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni neno la kweli, lakini angalia aliyelisema ni nani. Ni Ayubu, mfiwa mwenyewe, hakuambiwa na mgeni aliyekaa kwenye kiti cha plastiki. Rafiki zake walifanya jambo moja jema: walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Ayubu yule aliyekuwa akilalamika sura kwa sura!

Sasa hili gumu zaidi. Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa figo. Katikati ya ugonjwa, mtu mmoja mwenye huduma ya maombi, simtaji, alituambia ameonyeshwa kwamba mgonjwa amepona, tumshukuru Mungu kwa imani na tusikiri ugonjwa tena. Tulishukuru. Tukatoa na sadaka ya shukrani. Wiki sita baadaye tulizika. Yule mtu alipokuja kutoa pole akanivuta pembeni akasema, labda ndani ya nyumba kulikuwa na mwenye mashaka.

Kama umeambiwa neno la aina hiyo, lipeleke kwenye Biblia kabla hujalilaza moyoni. Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, anaandika katika 2 Timotheo 4:20, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Alimwacha mgonjwa. Hakuandika kwamba Trofimo alikosa imani wala kwamba Mileto kulikuwa na mwenye mashaka. Yeye mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa. Na Yesu, aliyejua kabisa kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini, alipofika pale alilia machozi kwanza.

Mimi ile aya ya Trofimo niliiandika kwenye jalada la ndani la daftari. Miezi mingi haikuwa ikinifariji, ilikuwa ikinizuia tu nisijilaumu, na kwa wakati ule hilo lilinitosha.

6. "Huyu hakufa hivi hivi"

Hii itakuja kati ya wiki ya pili na mwezi wa pili, na italetwa na mtu wa ukoo, usiku, kwa sauti ya chini. Kwamba kifo hiki kina mkono wa mtu. Kwamba kuna mtaalamu ng'ambo ya mto anaangalia. Au kwamba kuna nabii mjini mwenye maji ya upako, lakini kwanza upande mbegu, yaani utoe pesa.

Uchungu unatafuta mtu wa kumshika, na jirani yupo karibu kuliko figo. Fanya mambo haya mapema:

Mwombe daktari akuandikie chanzo cha kifo kwa lugha unayoielewa, na umwombe akueleze. Karatasi hiyo itunze. Mimi niliisoma kwenye kikao cha ukoo, mstari kwa mstari, mchungaji akiwepo. Hawakuridhika wote, lakini aliyetaka kumtaja jirani alinyamaza.

Kila anayekuletea habari ya kwenda kuangalia, mjibu mbele ya mtu wa tatu. Mazungumzo haya yanaishi gizani. Mwite mwanao mkubwa au mama mkwe aje asikie, utaona yanavyofupika.

Na pesa ya rambirambi isitoke nyumbani kwa ajili ya chupa, kitambaa wala mbegu, iwe ni ya mganga au ya mwenye suti. Iandike kwenye daftari, uamue na mtu unayemwamini: ada, chakula, deni.

7. Karatasi

Utashangaa nikiiweka hii kwenye mwongozo wa imani. Nimeona watu waliovuka kifo salama, kisha wakaacha kusali kwa sababu ya shamba. Ukikaa kanisani mstari mmoja na shemeji aliyekunyang'anya mpaka, huwezi kupokea amani ukampa mkono.

Kwa hiyo usicheleweshe. Tafuta cheti cha kifo. Kikao cha ukoo kinapendekeza msimamizi wa mirathi na kuandika muhtasari wenye sahihi za waliohudhuria, lakini anayemthibitisha msimamizi ni mahakama, si kikao. Usikubali kuambiwa kwamba tumeshamaliza kifamilia. Cheti cha ndoa ya kanisani kama kimepotea, ofisi ya ushirika wa kanisa ina kitabu, kaombe wakutafutie. Madeni yaandike yote, na wanaodai uwaendee wewe kabla hawajakujia. Mimi nilipanga kulipa kidogo kidogo kila pesa ya majani ya chai inapotoka, na nilipolipa la mwisho nililala mchana kutwa.

8. Watoto, na siku ambazo hali inazidi

Watoto waambie amekufa. Usiseme amesafiri, maana watamngoja, kisha watakapojua hawatakuamini hata ukiwaambia habari za ufufuo. Wakiuliza kwa nini Mungu hakumponya, jibu la kweli ni hili: "Sijui, na mimi namuuliza." Wangu mdogo alikubali hilo kuliko yote niliyokuwa nimeandaa.

Zikipita wiki kadhaa hulali, huli, kuinuka kitandani kunakushinda, au ukianza kufikiri kwamba afadhali nawe ufe, mwambie mtu mmoja leo hii na mwende hospitali pamoja. Kujiua kukikupitia kichwani, usikae peke yako usiku huo. Daktari hachukui nafasi ya maombi, na aliyekuambia kwamba Mkristo haugui moyo hajasoma habari ya Eliya niliyoanza nayo.

9. Tarehe

Usizisubiri zikukute. Chukua kalenda uzungushie kalamu: siku ya kufa, siku ya kuzaliwa kwake, ya ndoa, Krismasi. Kwa kila moja amua mapema utakuwa wapi na nani. Krismasi ya kwanza tulikula kwa bibi yule jirani kwa sababu nisingeweza kuona kile kiti. Wengine hupenda kukiacha kiti palepale na kumtaja. Hakuna sheria, amua tu kabla.

Kama huna kaburi la kuliendea, kwa sababu ziwa halikumrudisha au vita havikutoa mwili, fanyeni ibada hata hivyo. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alipouawa tarehe 16 Februari 1977, serikali ya Idi Amin haikutoa mwili kwa waumini wa Kampala. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa Namirembe. Jumapili ile watu kwa maelfu walipanda kilimani, wakasali na kuimba kando ya kaburi lisilo na mtu. Chagueni mahali, pandeni mti au wekeni jiwe, msome Neno hapo kila mwaka.

Na Pasaka. Sisi tuna desturi iliyoanzia Herrnhut mwaka 1732, ya kuisubiri alfajiri ya Pasaka makaburini, na hapa Rungwe, tangu wamisionari walipofika 1891, nayo ilikuja nao. Tunatoka giza bado halijaondoka, tunakwenda tukiimba mpaka kwa wafu wetu, matarumbeta mbele. Mwaka wa kwanza sikutaka. Nilimwambia wifi yangu sioni la kushangilia juu ya udongo ambao haujakaa sawa. Akasema hakuniambia nishangilie, ameniambia nivae.

Kwa hiyo nenda, hata usipoimba. Lala umevaa nusu, maana wanapita saa kumi. Beba tochi, kanga ya pili ya kujifunika, na mwavuli, mwezi wa nne kwetu mvua haikatiki. Watoto wavishe mabuti. Ile njia ya kuteremkia makaburini inateleza vibaya, na mkifika chini shikaneni mikono.